UZI: Nilienda Matsumoto kuona ngome nyeusi nikaishia kutetemeka Kamikochi (Japani ya milimani, karibuni)

Makete Asilia
Wakuu habari za muda. Niliahidi kwenye uzi mwingine kwamba nikipata nafasi nitaeleza safari yangu ya Matsumoto, nafasi yenyewe ndo leo, niko kwenye treni narudi Nagoya na simu ina chaji asilimia 60 kwahiyo nitatiririka mpaka izime.

Kwa wasionijua, mimi nasoma huku Nagoya, mwaka wa pili. Nimechoka kuona kila Mbongo akija Japani anapiga picha Shibuya anaenda Kyoto kwenye yale mageti mekundu anarudi nyumbani anasema kaimaliza Japani. Sikatai, pazuri, ila mle mnakanyagana kama Kariakoo wiki ya mwisho kabla ya Idi. Sasa mimi ni mtu wa Makete, nikikaa mjini miezi mitatu bila kuona mlima naanza kuumwa umwa. Mwenzangu wa maabara, Mjapani, akaniambia nenda Matsumoto, ni mkoa wa Nagano, kuna ngome halafu kuna milima mpaka utaomba poo.

Kutoka Nagoya unapanda treni inaitwa Shinano, masaa mawili tu, nauli ni yen elfu sita na ushee. Wanaotoka Tokyo wanapanda Azusa pale Shinjuku, masaa mawili na nusu hivi na zaidi kidogo. Hiyo Shinano inapita bondeni mle, mto huku mlima kule, treni inalala kwenye kona kama pikipiki. Kaa upande wa dirisha, simu weka mfukoni.

Nimefika saa tano asubuhi. Toka stesheni mpaka kwenye ngome ni kutembea tu, kama dakika 15 au 20, unapita katikati ya mji, mji wenyewe wa kawaida mabenki na maduka, halafu ghafla mbele yako hii kitu. NYEUSI. Imesimama juu ya maji, na nyuma yake milima ina theluji kwa juu. Niliganda hapo mpaka mzee mmoja akanipisha kwa heshima akidhani napiga picha, kumbe hata simu sijatoa.

fundi_chuma
Naweka kambi hapa. Picha mkuu, uzi bila picha ni chai.

Makete Asilia
@fundi_chuma picha zinakuja bando la huku halipandishi kitu kwenye mahandaki. Vumilia.

Naendelea. Ngome nyingi mnazoziona Japani ni za zege, zilibomolewa au zikaungua wakajenga upya karne iliyopita, nyingine zina mpaka lifti. Zilizobaki na mnara wake mkuu wa mbao wa asili ni 12 tu nchi nzima na katika hizo tano ndo hazina ya taifa. Matsumoto ni moja. Mnara umejengwa miaka ya 1593 na 1594 hivi, na familia ya Ishikawa, baba Kazumasa na mwanae Yasunaga. Huyu baba ana stori yake, alikuwa mtu wa karibu kabisa wa bwana mmoja mkubwa wa vita, Tokugawa Ieyasu, halafu mwaka 1585 akamkimbia akahamia kwa Hideyoshi, mbabe aliyekuwa anaiunganisha Japani chini yake. Baadae Hideyoshi akamweka Matsumoto, wakati Ieyasu kahamishiwa Edo ambayo ndo Tokyo ya leo. Yaani unamweka msaliti wa jirani yako njiani kwa jirani yako ili akuangalizie. Mnara ukaja kumaliziwa na mtoto, mzee alishafariki.

Weusi wake sio rangi ya dukani. Ni utomvu wa mti unaitwa urushi, unapakwa kwenye mbao kila mwaka msimu huu wa kuelekea baridi, niliwakuta mafundi wamepanda jukwaa wanapaka na brashi taratibuuu kama wanampaka bibi harusi hina. Kila mwaka wakuu, mbao zile zile.

Ndani unavua viatu unapewa mfuko unabeba mwenyewe. Nje ukihesabu paa unapata ghorofa tano, ndani ziko sita. Ghorofa ya tatu imefichwa, haina dirisha, giza totoro, adui akiwa nje hajui kama ipo. Halafu ngazi sasa!! Ngazi kali kuliko zote imesimama nyuzi 61, kila kidaraja kinafika goti, unapanda na soksi kwenye mbao zinazoteleza, huku unapishana na wanaoshuka, wanashuka kinyumenyume. Kuna mama mmoja wa makamo alinipita kama swala. Mimi mtoto wa milimani niliaibika.

lulu_ya_moshi
😂😂😂 Makete imeabishwa. Sisi wa Moshi tungekimbia hizo ngazi

bi_mchuzi
Mkuu samahani nje ya mada kidogo, huko ndo alikokuwa yule Mwafrika samurai? Yasuke. Mwanangu ananiuliza kila siku kisa magemu

Makete Asilia
@bi_mchuzi shikamoo mama. Yasuke alifika Japani 1579 na mapadri, pamoja na mkubwa wao Valignano, 1581 akachukuliwa na mbabe wa vita Oda Nobunaga, na 1582 Nobunaga akaenda naye kwenye vita ya kumaliza ukoo wa Takeda, hao Takeda ndo walioishika Matsumoto kabla, enzi hizo panaitwa Fukashi. Kuna bwana mmoja wa upande wa Ieyasu alimwona safarini akaandika kwenye shajara yake kwamba ni mrefu mweusi kama wino. Kwahiyo mkoa wa jirani alipita. Ila hii ngome nyeusi yeye hakuiona, ilikuwa bado miaka kumi ijengwe. Mwambie dogo.

bi_mchuzi
Marahaba mwanangu. Nimemwambia, kasema sawa lakini kwenye gemu alikuwepo 🙄

Mvita Halisi
Assalaam alaykum jamaa. Mie nasoma tu kimya kimya tangu juu lakini hapo kwenye mwaka umenigutusha. 1593? Basi ndugu yangu hiyo ni rika moja na Ngomeni yetu hapa Mombasa. Fort Jesus Wareno walianza kuijenga 1593 wakamaliza 1596. Mmoja wajenga kwa mawe ya matumbawe kwenye joto mwengine wajenga kwa mbao kwenye theluji, mwaka mmoja!

Makete Asilia
@Mvita Halisi waalaykum salaam kaka. Umenipa mstari niliokuwa naukosa. Subiri nikuongezee utamu, ghorofa ya pili ya hii ngome kuna makumbusho ya bunduki, zile za utambi. Bunduki hizo zimeingiaje Japani? Wareno hao hao, 1543, kisiwa cha Tanegashima. Wajapani wakazinakili, na ndani ya miaka 30 na kidogo zimeamua vita kubwa. Sasa Matsumoto imejengwa kwa ajili ya bunduki. Kuta za chini ni nene, kama sentimita 29, ili risasi ikwame. Handaki la maji la ndani lina upana wa kama mita 60 kwasababu hapo ndo risasi ya wakati ule ilikuwa bado inaua, ukizidi hapo ni kelele tu. Halafu kuna matundu 115 ukutani ya mishale na bunduki, nyembamba kwa nje pana kwa ndani, na sehemu za kudondosha mawe kichwani kwa anayepanda ukuta.

Kwahiyo Mombasa Mreno kaja mwenyewe na mizinga yake, kule Japani imefika bunduki yake tu, na huku na huku watu wakajenga ngome.

Mvita Halisi
Wallahi. Na vita vyenyewe vilipiganwa hapo?

Makete Asilia
Hata siku moja 😂 Huo mnara haujawahi kupigana. Matundu yote yale hayajatoa risasi.

Mvita Halisi
Ati nini! Ngomeni hapa imebadilisha mikono mara tisa, Mreno, Muomani, Mreno tena, Mazrui, Busaidi, hata mwisho Muingereza kaigeuza jela. Kuta zina makovu mpaka kesho. Kumbe mwenzetu alikaa tu ajitazama kwenye maji.

Makete Asilia
Makovu inayo ila ya aina nyingine. Hii stori niliisikia kwa mzee wa kujitolea anayetembeza wageni, yuko pale mlangoni bure kabisa, Kiingereza chake na changu tuliungana hivyo hivyo.

Mwaka 1686 wakulima wa Azumino, hapo jirani, walipandishiwa kodi ya mpunga mwaka ambao mavuno yenyewe mabaya. Mkuu wa kijiji mmoja anaitwa Tada Kasuke akapeleka barua ya malalamiko, watu maelfu wakamfuata mjini. Wakubwa wakasema sawa tumekubali rudini nyumbani, watu wakarudi wakifurahi, halafu ahadi ikafutwa na Kasuke na wenzake wakakamatwa. Waliuawa watu 28. Inasemekana Kasuke akiwa pale msalabani aliitazama ngome kwa hasira akipiga kelele kiwango cha kodi walichokuwa wanadai, na ngome ikainama.

Na kweli iliinama! Picha za zamani zipo, mnara umekaa upande kama mlevi. Sababu ya kitaalamu ni kwamba nguzo za chini ya ardhi zilioza zikaacha kubeba uzito. Ila mzee aliponiambia hiyo ya nguzo aliisema haraka haraka, ya Kasuke aliisema taratibu.

fundi_chuma
Kwahiyo nani aliinyoosha? maana kuinua jengo la mbao la ghorofa sita sio jeki ya gari hiyo

Makete Asilia
@fundi_chuma hapo ndo penyewe. 1872 serikali mpya ya Meiji haitaki tena mambo ya masamurai, ngome zinauzwa kwa mnada zibomolewe watu wachukue mbao na vyuma. Hii nayo ikauzwa. Jamaa mmoja wa mjini hapo, Ichikawa Ryozo, akaomba wasubiri kwanza, akaanza kufanya maonyesho humo humo ndani ya ngome, watu wanalipa kiingilio, hela ikapatikana wakainunua tena. Baadae ikaanza kuinama sana, akaja mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, Kobayashi Unari, akazungusha mchango, ukarabati ukaenda 1903 mpaka 1913. Halafu serikali ikaja kuifumua yote na kuipanga upya 1950 mpaka 1955, baada ya watu kuwa wameshaibeba miaka 80.

Mji ule una kamchezo hako. Shule yao ya zamani, Kaichi, ya 1876, imejengwa na seremala wa Kijapani aliyeenda kuangalia majengo ya Kizungu akarudi akachanganya madude yake, juu ya mlango kuna malaika wa Kizungu wenye mabawa na chini yao joka la Kijapani, sehemu kubwa ya hela ilikuwa michango ya wakazi. Tangu 2019 nayo ni hazina ya taifa. Jengo linachekesha na ni zuri, vyote kwa pamoja.

sanchoka
Mkuu msosi? Umeruka msosi kwa makusudi

Makete Asilia
Msosi. Soba, zile tambi za kijivu, zinaliwa za baridi unachovya kwenye mchuzi, na wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, ya kusaga hapo hapo maana inalimwa Azumino kwenye maji ya chemchem ya milimani, sio ile ya kwenye tyubu. Wanakula pia nyama ya farasi MBICHI. Sikuweza. Nilikula kuku wao wa kukaanga anaitwa sanzoku-yaki, paja zima na kitunguu saumu cha kutosha, ukiongeza kachumbari na ndizi unaweza kumuuza Magomeni na wasijue.

Maji ya kunywa hununui. Mji mzima una visima na chemchem mitaani, kinaitwa Genchi ndo maarufu, bomba linatiririka mchana na usiku, wamama wanakuja na madumu kabisa. Ukitoka hapo pita mtaa wa Nakamachi, maghala ya kuta nyeusi na nyeupe, walijenga vile baada ya mji kuungua 1888. Ng'ambo ya mto kuna Nawate, mtaa wa vyura, sanamu za vyura kila kona kwasababu chura kwa Kijapani ni kaeru na kurudi nyumbani pia ni kaeru. Nilimnunua mmoja mdogo, niko mwaka wa pili sijarudi nyumbani, nikasema potelea mbali.

lulu_ya_moshi
Haya milima sasa. Kichwa cha uzi kinasema ulitetemeka

Makete Asilia
Nakuja, nimebadilisha soketi.

Siku ya pili. Kamikochi ni bonde lililoko mita 1,500 ndani ya Alps za Japani. Nikasema mita 1,500 mimi ndo nini, Makete tunalima viazi juu ya hapo. Nikavaa raba na kijakoti cha mvua. Mwisho wa Oktoba. Hapa msinicheke mapema.

Unapanda katreni kadogo mpaka Shin-Shimashima nusu saa, halafu basi saa moja hivi. Magari binafsi hayaruhusiwi kabisa kuingia, ukija na gari unaliacha Sawando unapanda basi au teksi kama wengine. Unapita handaki refu chini ya mlima, ukitoka upande wa pili ni dunia nyingine. Nilishuka kwenye bwawa la Taisho. Hili bwawa halikuwepo, 1915 mlima wa volkano unaitwa Yakedake ulilipuka, tope likaziba mto Azusa, maji yakajaa, miti ikafia imesimama ndani ya maji na michache imesimama mpaka leo. Yakedake yenyewe inatoa moshi pale juu inakuangalia. Ila mchanga unaletwa na mto kila siku, bwawa linapungua, kila mwaka wanalichimbua lisije likajaa.

Asubuhi ile ilikuwa na ukungu juu ya maji na nyasi zimeganda barafu. Nilikaa dakika kumi nikaacha kuhisi vidole vya miguu. Kutetemeka kwa meno, mpaka binti mmoja wa Kijapani akanipa vile vipakiti vya kujipasha joto unavisugua vinawaka mfukoni. Mungu ambariki popote alipo. Baridi ya Makete ina chai na moto wa jikoni karibu wakuu, ile haina mwenyewe.

Ukitembea kama saa moja na kidogo unafika Kappa-bashi, daraja la mbao la kuning'inia, na hapo ndo ukutani kwa milima. Hotaka yote imejipanga mbele yako, kilele cha juu Oku-Hotaka mita 3,190, cha tatu kwa urefu Japani. Maji ya mto ni kijani cha chupa, unaona kila jiwe. Miti ya karamatsu (jamii ya msonobari) ilikuwa imegeuka dhahabu, upepo ukipiga sindano zake zinamwagika kama mvua ya njano. Sijui kuandika mashairi, ndo hivyo.

lulu_ya_moshi
3,190 😏 Horombo kule Kilimanjaro tunalala kwenye 3,720 na tunaomba uji

Makete Asilia
@lulu_ya_moshi nilijua utakuja 😂 lakini sikiliza, jirani ya hapo kuna mlima Norikura, wakati wa kiangazi BASI linakupandisha mpaka mita 2,702. Mandara hut yenu iko 2,720. Yaani bibi kizee na kiti chake na mkoba wake anafika ulipofika wewe kwa jasho la siku ya kwanza.

lulu_ya_moshi
Hiyo sio haki. Nimenuna

Dk wa Mtaa
Wanyama wapo? Dubu nasikia mwaka huu mmechachamaa nao huko Japani

Makete Asilia
@Dk wa Mtaa wapo, dubu weusi. Njiani kuna kengele zimetundikwa, unapita unagonga ili akusikie aondoke, wengine wanavaa kengele kwenye begi kama ng'ombe. Mimi niliimba. Nyani ndo niliowaona, wana uso mwekundu na manyoya mazito, kundi zima limepita miguuni kwangu na mtoto mgongoni bila hata kuniangalia, hawaombi wala hawapori, kwasababu kulisha wanyama ni marufuku na watu wanatii.

Sasa kosa langu. Kutoka darajani nikaongeza saa moja mpaka Myojin, kuna bwawa ndani ya eneo la hekalu la Hotaka, kimyaa, unalipa kidogo unaingia. Nikanogewa. Kurudi kituoni nakuta foleni kama ya mwendokasi Kimara saa kumi na mbili asubuhi. Kumbe kituoni unatakiwa kuchukua namba ya basi la kurudi MAPEMA, wenzangu walichukua mchana, mimi nafika na tabasamu. Nilipanda basi la karibu na mwisho, nimesimama na giza linaingia, na ukikosa pale unalala kwenye hoteli ambazo bei yake ni kodi yangu ya mwezi. Choo pia ni yen 100 ya kuchangia, bebeni sarafu.

Na msiende Desemba. Wanafunga barabara katikati ya Novemba wanafungua Aprili, bonde zima linaachiwa theluji.

fundi_chuma
Na siku ya tatu?

Makete Asilia
Leo asubuhi yule mwenzangu wa maabara kwao ni jirani na Matsumoto, akaja na gari akanipeleka Utsukushigahara, uwanda wa juu mita 2,000 upande wa pili wa mji. Hapo sasa nilinyamaza. Ni Kitulo ya kwetu Makete, wakuu. Kitulo kabisa, nyasi mpaka upeo wa macho, uzio wa ng'ombe, upepo, wingu linatembea chini yako. Ng'ombe wenyewe walishashushwa kwa ajili ya baridi. Katikati kuna mnara wa mawe wa 1954 una kengele, ukungu ukishuka inapigwa ili aliyepotea afuate sauti. Jamaa aliniuliza mbona umekimya nikamwambia kwetu kupo hivi, akacheka akadhani natania, nikamwonyesha picha za maua ya Kitulo kwenye simu akakaa kimya na yeye.

Mvita Halisi
Maashallah. Uzi mzuri, kesho Jumamosi naenda Ngomeni nipige picha za matundu ya bunduki nikuletee uzilinganishe na ya huko.

Makete Asilia
Lete kaka, nitaziweka sambamba.

bi_mchuzi
Mwanangu swali la mwisho la dogo. Kasoma mahali kwamba ngome hiyo ina chumba cha kutazamia mwezi. Ni kweli?

Makete Asilia
Kweli mama nilisahau kabisa. Kimeongezwa pembeni miaka ya 1630 vita vimeshaisha, hakina tundu hata moja la bunduki, kina varanda na reli nyekundu, pande tatu zinafunguka. Kilijengwa kwasababu shogun (mtawala wa kijeshi wa Japani) Iemitsu alitarajiwa kupita akienda hekalu la Zenkoji. Safari ikaahirishwa hakuja.

bi_mchuzi
Maskini. Na wewe uliuona mwezi hapo?

Makete Asilia
Wanafunga saa kumi na moja jioni mama. Nilitolewa nje jua ndo limezama nyuma ya milima, na viatu nimevishika mkononi.